Kukata maneno marefu ya Kiingereza: silabi, mkazo na viambishi

Swali, kutoka kwa Msomaji wa Ripoti

Ndugu zangu, naomba msaada katika jambo lililonisumbua kwa muda mrefu. Kazi yangu hunilazimu kusoma ripoti za Kiingereza kwa sauti mbele ya watu. Maneno mafupi hayanipi shida. Ninakojikwaa ni kwenye yale marefu, kama vile “responsibility”, “characteristic”, “unconstitutional” na “entrepreneurship”. Nimejizoeza kuyakata vipande vipande kabla ya kusoma, kama tulivyokata maneno ya Kiswahili tulipokuwa tukijifunza kusoma: ka-la-mu, m-to-to, ba-ra-ba-ra. Katika Kiswahili njia hiyo haijawahi kuniangusha, kwa sababu karibu kila silabi huishia kwa irabu na mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Nikiifuata njia hiyo hiyo katika Kiingereza, wasikilizaji hunielewa kwa taabu. Hivi karibuni nilisoma “development” nikakazia “lop”, nikasoma “character” nikakazia “rac”, na baada ya kikao mtu mmoja akaniuliza kwa upole nilikuwa nikizungumzia nini.

Nilipofungua kamusi, mkanganyiko ukaongezeka. Kamusi moja inaligawa neno “knowledge” baada ya “knowl”, nyingine inaligawa baada ya “know”. Neno “ability” nimeliona likiandikwa “abil·i·ty”, yaani vipande vitatu, ilhali masikio yangu yanasikia silabi nne. Kitabu cha sarufi kinaeleza kwamba “biology” limeundwa kwa “bio” na “logy”, lakini kila ninayemsikia akilitamka anakata mahali pengine kabisa. Ninachotaka kujua ni mgawanyo upi ulio sahihi, na nitatambuaje silabi inayobeba mkazo bila kukariri neno moja moja. Vilevile ningependa kujua kama kufahamu viambishi na mizizi kunasaidia katika matamshi, au kama elimu hiyo ni ya maana peke yake.

Jibu la 1, kutoka kwa Mwalimu wa Kiingereza

Ndugu, kinachokuchanganya ni kwamba kitendo tunachokiita “kukata neno” ni vitendo vitatu tofauti vilivyopewa jina moja. Kuna kukata kwa sauti, ambako hutoa silabi. Kuna kukata kwa maana, ambako hutoa mofimu, yaani viambishi awali, mzizi na viambishi tamati. Na kuna kukata kwa ajili ya ukurasa, pale neno lisipoenea mwishoni mwa mstari na sehemu yake ikahamishiwa mstari unaofuata. Vitabu vingi huonyesha mmojawapo wa mikato hiyo bila kumwambia msomaji ni upi, na ndiyo maana umeviona kama vinapingana.

Hali hii si ya Kiingereza peke yake. Chukua kitenzi “hawatatusomesha”. Kwa sauti tunasema ha-wa-ta-tu-so-me-sha, silabi saba zinazofuatana vizuri. Kwa maana tunakata ha-wa-ta-tu-som-esh-a, kwa sababu mzizi ni “som” na kiambishi cha kutendesha ni “esh”. Mpaka wa silabi umepita katikati ya mzizi, na hakuna anayezungumza Kiswahili ambaye hilo limewahi kumtatiza, kwa kuwa mdomo hufuata silabi na akili hufuata mofimu. Unachohitaji ni kuruhusu utengano huo huo katika Kiingereza. “Biology” kwa maana ni bio-logy, kwa sauti ni bi-OL-o-gy, na yote mawili ni sahihi. Kuanzia hapa nitaandika silabi yenye mkazo kwa herufi kubwa.

Kuhusu “abil·i·ty”, masikio yako hayajakudanganya: silabi ni nne, a-BIL-i-ty. Zile nukta katika kamusi ya namna hiyo zinaonyesha mahali panaporuhusiwa kukatia mstari, na kwa kuwa si desturi kuacha herufi moja peke yake mwishoni mwa mstari, “a” ya mwanzo haikuwekewa nukta. Ukitaka silabi na mkazo, tazama maandishi ya matamshi yanayofuata baada ya neno lenyewe. Humo utaona kijistari cha wima kilichoinuliwa juu, ambacho katika kamusi nyingi za sasa hutangulia silabi yenye mkazo mkuu, na kingine kilichoshushwa chini, ambacho hutangulia silabi yenye mkazo mdogo. Zipo kamusi za zamani zilizoweka alama hiyo baada ya silabi, kwa hiyo ni vyema kusoma utangulizi wa kamusi unayoitumia kabla ya kuiamini.

Sasa nije kwenye mkazo, ambao ndio moyo wa swali lako. Ushauri wangu ni kwamba neno refu la Kiingereza lichunguzwe kuanzia mkiani. Kiswahili nacho huhesabu kutoka mwisho, kwa hiyo tabia hiyo unayo tayari. Tofauti ni kwamba katika Kiingereza aina ya mkia ndiyo inayoamua uhesabu wapi. Ipo mikia inayouvuta mkazo hadi kwenye silabi iliyo mbele yake moja kwa moja. Hiyo ni “-tion”, “-sion”, “-cian”, “-ic”, “-ial”, “-ious” na “-ity”. Kwa sababu hiyo “responsible” hutamkwa re-SPON-si-ble, lakini likivishwa “-ity” mkazo huhama na kuwa re-spon-si-BIL-i-ty. Kwa sababu hiyo hiyo “character”, ambalo ni CHAR-ac-ter, hugeuka kuwa char-ac-ter-IS-tic. Ipo mikia mingine inayojibebea mkazo yenyewe, kama “-ee”, “-eer”, “-ese”, “-ette” na “-esque”: en-gi-NEER, Jap-a-NESE, pic-tur-ESQUE. Na ipo mikia isiyogusa mkazo hata kidogo, kama “-ness”, “-less”, “-ful”, “-ly”, “-ship”, “-ment”, “-hood” na “-ing”. Hiyo ukiikuta, ibandue kwanza, kisha utafute mkazo katika kinachobaki.

Tuyafanyie kazi maneno yako. Katika “entrepreneurship” bandua “-ship”. Linabaki “entrepreneur”, neno lenye asili ya Kifaransa ambalo mkia wake hujibebea mkazo, basi tunapata en-tre-pre-NEUR-ship. Katika “unconstitutional” bandua “un-” mbele na “-al” nyuma. Linabaki “constitution”, na kwa kuwa “-tion” huvuta mkazo hadi silabi iliyo mbele yake, neno zima ni un-con-sti-TU-tion-al. Katika “development” bandua “-ment”, linabaki “develop”, ambalo ni de-VEL-op. Hapa kanuni inafika mwisho wake, kwa maana “develop” halina mkia wa kutuongoza. Maneno mafupi ya namna hiyo hatuna budi kuyajifunza kwa sikio. Hata hivyo faida ni kubwa, kwa sababu ukishalijua “develop” umelijua pia “developer”, “developing”, “underdeveloped” na “redevelopment”.

Kundi moja zaidi linastahili kutajwa, nalo ndilo lililozaa swali lako la “biology”. Maneno yenye asili ya Kigiriki yanayoishia na “-logy”, “-graphy”, “-cracy”, “-nomy” na “-metry” huweka mkazo kwenye silabi ya tatu kutoka mwisho: bi-OL-o-gy, ge-OG-ra-phy, de-MOC-ra-cy, a-STRON-o-my, ge-OM-e-try. Tazama kinachotokea. Mkazo umeangukia ile “o” inayounganisha sehemu mbili za neno, na irabu fupi ya Kiingereza ikibeba mkazo hupenda kufungwa na konsonanti. Basi “o” hiyo huichukua konsonanti inayoanza sehemu ya pili, “l” ya “logy” ikaingia katika “ol”, na “c” ya “cracy” ikaingia katika “moc”. Huo ndio mkato uliokuwa ukiusikia bila kupata maelezo yake.

Jambo hili hudhihirika zaidi ukiyaweka pamoja maneno ya ukoo mmoja. “Photograph” ni PHO-to-graph. “Photography” ni pho-TOG-ra-phy. “Photographic” ni pho-to-GRAPH-ic. Herufi za mwanzo ni zile zile, lakini mkazo umetembea katika silabi tatu, na kila unapotoka nyuma yake irabu hufifia. “O” ya kwanza ni nzito katika “photograph”, na katika “photography” ni mguno mfupi tu usio na rangi. Mzungumzaji wa Kiswahili, ambaye amezoea kuipa kila irabu haki yake, huona vigumu kuidhoofisha irabu kwa makusudi. Lakini kuidhoofisha ni nusu ya mkazo wa Kiingereza, na silabi kuu husikika vyema pale jirani zake zinaponyamaza kidogo.

Jibu la 2, kutoka kwa Mfasiri

Nakubaliana na Mwalimu, nami ningependa kujibu lile swali la mwisho, kama viambishi na mizizi vinasaidia katika matamshi. Vinasaidia sana, ingawa njia yake si ya moja kwa moja. Maandishi ya Kiingereza mara nyingi huhifadhi sura ya mofimu hata pale sauti yake inapobadilika. Mfano ninaoupenda ni “electric”, “electricity” na “electrician”. Herufi “c” ya “electric” hutamkwa kama “k”. Katika e-lec-TRIC-i-ty hutamkwa kama “s”. Katika e-lec-TRI-cian hutamkwa kama “sh”. Anayefuata herufi peke yake atalalamika kwamba lugha hii haina utaratibu. Anayeiona mofimu atatambua kwamba jicho limehifadhiwa undugu wa maneno, na sikio limeachiwa kanuni za mikia alizozieleza Mwalimu.

Viambishi awali navyo hubadilisha sura kwa sababu za kimdomo ambazo sisi tunazijua vizuri. Kiambishi “in-” cha kukanusha hubaki hivyo katika “inactive”, huwa “im-” katika “impossible”, “il-” katika “illegal” na “ir-” katika “irregular”. Tunafanya hivyo hivyo tunaposema nyumba nzuri, nyumba ndogo, lakini nyumba mbaya: nazali ya “n”, yaani sauti itokayo puani, imegeuka kuwa “m” kwa sababu ya “b” inayoifuata. Ukishalijua hilo, hutashangaa kuona “l” mbili katika “collect” au “r” mbili katika “correct”. Hapo kiambishi “con-” kimejilinganisha na mzizi. Na utajua kwa nini neno “irresponsible” lina “r” mbili, jambo ambalo wengi hulikosea katika kuandika.

Naomba nionye jambo moja. Si kila kinachofanana na kiambishi ni kiambishi. “Uncle” halina “un-”, na “reach” halina “re-”. “Universe” linaanza na “uni-” yenye maana ya moja, si “un-” ya kukanusha. Neno “unionized” laweza kusomwa kwa njia mbili: likiwa limetokana na “union”, ni UN-ion-ized na huhusu chama cha wafanyakazi, likiwa limetokana na “ionized”, ni un-I-on-ized na huhusu atomu zisizo na chaji. Herufi ni zile zile tisa, na ni maana ya sentensi pekee inayokuambia ukate wapi. Kwa hiyo msomaji wa sauti hana budi kuelewa anachokisoma kabla hajafungua mdomo.

Tena, wazungumzaji wenyewe wakati mwingine hukata neno upya kinyume cha asili yake. “Helicopter” limetokana na maneno mawili ya Kigiriki, moja lenye maana ya msokoto na jingine lenye maana ya bawa, hivyo kwa asili ni helico-pter. Hakuna mdomo wa Kiingereza unaoweza kuanza silabi kwa “pt”, kwa hiyo sauti ikakata hel-i-cop-ter, na baadaye watu wakaanza kukitumia kipande “heli” peke yake katika maneno mapya kama “heliport”. Mkato wa sauti ukazaa mkato mpya wa maana. Kwangu mimi hilo ni jambo la kupendeza sana, na linaonyesha kwamba mipaka hii mitatu, ingawa ni tofauti, huishi pamoja na kusukumana.

Jibu la 3, kutoka kwa Mpanga Kurasa

Nitazungumzia mkato wa tatu tu, ule wa mwisho wa mstari, kwa sababu ndio unaojibu suala la “knowledge”. Hapa Marekani na Uingereza zimefuata desturi tofauti. Desturi ya Kimarekani hufuata matamshi, hivyo hukata “knowl-edge” na “democ-racy”. Desturi ya Kiingereza cha Uingereza kwa kawaida imeheshimu zaidi asili ya neno, hivyo ikakata “know-ledge” na “demo-cracy”. Kamusi zako mbili bila shaka zimetoka pande mbili za bahari. Mjadala huu ni wa zamani: Noah Webster, mtunga kamusi wa Marekani, alipotoa kitabu chake cha kufundishia tahajia mwaka 1783, alikataa mtindo wa walimu waliomtangulia wa kukata “ha-bit” na “clu-ster”, akasisitiza “hab-it” na “clus-ter”, kwa hoja kwamba mtoto akate neno kama linavyotamkwa.

Siku hizi kazi hiyo hufanywa na kompyuta. TeX, programu ya kupangia kurasa iliyoundwa na mwanasayansi wa kompyuta Donald Knuth, hutumia njia iliyobuniwa na Frank Liang, ambaye aliieleza katika tasnifu yake ya mwaka 1983 katika Chuo Kikuu cha Stanford. Badala ya kuhifadhi kamusi nzima, njia hiyo hutumia maelfu kadhaa ya vipande vidogo vya herufi, ambavyo baadhi huruhusu mkato na baadhi huukataza, na penye mgongano kile chenye nguvu zaidi ndicho huamua. Kinachovutia ni maneno ambayo ilibidi yaorodheshwe pembeni. Miongoni mwake ni “present” na “project”, ambayo yamezuiwa kukatwa kabisa. Sababu yake ni mkazo: “present” likiwa nomino ni PRES-ent, na likiwa kitenzi ni pre-SENT, “project” likiwa nomino ni PROJ-ect, na likiwa kitenzi ni pro-JECT. Mashine isiyojua kama neno ni nomino au kitenzi haiwezi kujua pa kukatia, basi ikaamriwa isikate. Msomaji wa ripoti atakutana na jozi nyingi za namna hii, kama “record”, “contract”, “object” na “permit”, na kanuni ni kwamba nomino kwa kawaida hukazwa mwanzoni na kitenzi mwishoni.

Kwa anayeandika, tahadhari yangu ni moja: mkato wa mstari usimpotoshe msomaji. “Legend” likikatwa “leg-end”, jicho husoma mguu na mwisho. “Reappear” likikatwa “reap-pear”, jicho husoma kuvuna na tunda. Kisilabi huenda kosa lisiwe kubwa, lakini msomaji atalazimika kurudi nyuma, na hilo ndilo tunalojaribu kumwepusha nalo.

Nyongeza, kutoka kwa Msomaji wa Ripoti

Nawashukuru nyote kwa moyo mweupe. Nimejaribu njia ya mkiani kwenye neno “incomprehensibility” nikapata in-com-pre-hen-si-BIL-i-ty, na kamusi imekubaliana nami. Nimejaribu pia “antidisestablishmentarianism”, ambalo watu hulitaja kama mfano wa neno refu, lakini nimeshindwa kujua mkazo uende wapi. Isitoshe, hesabu ya silabi bado inanisumbua. “Comfortable” nalihesabu silabi nne lakini nasikia tatu, “walked” nalihesabu mbili lakini nasikia moja, na “rhythm” sijui hata nianzie wapi, maana haina irabu hata moja kati ya zile tano.

Jibu la 4, kutoka kwa Mwalimu wa Kiingereza

Neno hilo lina herufi 28, lakini halipaswi kukutisha, kwa sababu limejengwa tabaka kwa tabaka. Msingi ni “establish”, kuweka jambo rasmi. “Establishment” hapa ni hadhi ya Kanisa la Uingereza kuwa kanisa rasmi la dola. “Disestablishment” ni kuiondoa hadhi hiyo. “Disestablishmentarian” ni mtu anayetaka iondolewe. Likiongezwa “anti-” na “-ism”, neno zima huwa ni msimamo wa kuwapinga watu hao, na kwa hakika lilitokana na mjadala wa karne ya 19 juu ya kanisa hilo. Sasa bandua. “-ism” haigusi mkazo. Mkia unaofuata ni “-arian”, na huo hukazwa kwenye “ar”, kama katika veg-e-TAR-i-an na li-BRAR-i-an. Basi mkazo mkuu uko kwenye “TAR”: an-ti-dis-es-tab-lish-men-TAR-i-an-is-m. Silabi ni 12, kwa sababu “m” ya mwisho inajisimamia.

Hiyo “m” ndiyo jibu la “rhythm” pia. Wewe hukata “m-to-to” bila kusita, ukijua kwamba “m” inaweza kuwa silabi bila irabu. Kiingereza kina jambo hilo hilo, isipokuwa huliweka mwishoni mwa neno badala ya mwanzoni: “rhythm” lina silabi mbili, na ya pili hubebwa na “m”. Vivyo hivyo “l” katika “table” na “little”, na “n” katika “button”. Katika hili unalo jambo la kujivunia, kwani wanafunzi wengi ambao lugha zao hazina silabi ya namna hiyo huihangaikia kwa muda mrefu.

Kuhusu “walked”, kumbuka kwamba silabi huhesabiwa kwa irabu inayosikika, si irabu inayoandikwa. Kiambishi “-ed” huongeza silabi pale tu kitenzi kinapoishia na sauti ya “t” au “d”: “wanted” ni silabi mbili na “needed” ni silabi mbili, lakini “walked”, “helped” na “opened” hazikuongezewa kitu. Ndiyo maana “screeched”, lenye herufi tisa, ni silabi moja tu, na “strengths”, lenye tisa pia, ni silabi moja, ilhali “area” lenye herufi nne lina silabi tatu. Urefu wa neno machoni hauna uhusiano wa lazima na urefu wake mdomoni.

Kishawishi chetu kikubwa ni kupachika irabu kati ya konsonanti zinazofuatana. Kiswahili kilipopokea “club” kikalifanya “kilabu”, silabi moja ikawa tatu, na katika Kiswahili hilo ni sahihi kabisa kwa sababu neno limepewa uraia. Lakini ukisoma ripoti ya Kiingereza kwa mdomo uliozoea kilabu, “strengths” litakuwa na silabi nne au tano, msikilizaji atahesabu mapigo yasiyotarajiwa, na mkazo hautapata pa kukaa. Jizoeze kuzitamka konsonanti zilizoshikana polepole, bila irabu katikati, kwanza peke yake, kisha ndani ya neno.

“Comfortable” lina hadithi tofauti. Silabi isiyo na mkazo iliyo mara baada ya ile yenye mkazo imedhoofika hadi ikapotea, na wengi husema COMF-ta-ble. Hivyo hivyo “vegetable”, “chocolate”, “different” na “interesting” kwa kawaida husikika zikiwa zimepungukiwa silabi moja. Ukizitamka kwa ukamilifu hutakuwa umekosea, mradi mkazo uwe mwanzoni. Kosa linaloziba maana ni com-for-TA-ble na in-te-RES-ting.

Jibu la 5, kutoka kwa Mhariri

Nimesoma maelezo yote kwa furaha, ila naona kanuni za mikia zimesifiwa kiasi kwamba mgeni anaweza kudhani hazina mwanya. “-ic” huvuta mkazo hadi silabi ya mbele yake, naam, lakini AR-a-bic, CATH-o-lic, POL-i-tics na LU-na-tic yamekataa, na “arithmetic” likiwa nomino ni a-RITH-me-tic. “-ee” hujibebea mkazo katika em-ploy-EE, lakini “committee” ni com-MIT-tee. “-osis” hukazwa kwenye “o” yake katika di-ag-NO-sis na tu-ber-cu-LO-sis, lakini wengi husema met-a-MOR-pho-sis. Hayo si mengi, na mengi yake ni maneno ya kila siku, kwa hiyo yanafaa kuandikwa kwenye daftari na kusikilizwa.

Pia zipo tofauti ambazo hakuna upande ulio na kosa. “Laboratory” Uingereza ni la-BOR-a-to-ry, mara nyingi “o” ya pili ikimezwa, na Marekani ni LAB-o-ra-to-ry, wakimeza ile “o” ya kwanza. “Advertisement” Uingereza ni ad-VER-tise-ment, na Marekani wengi husema ad-ver-TISE-ment. Chagua upande mmoja na ubaki nao katika ripoti nzima.

Lipo faida moja ambalo hamkulitaja, nalo linanihusu kikazi. Mkazo huongoza tahajia. Kitenzi kinachoishia na irabu moja na konsonanti moja huirudia konsonanti hiyo mbele ya “-ed” na “-ing” ikiwa mkazo uko kwenye silabi ya mwisho, na hakiirudii ikiwa mkazo uko nyuma zaidi. “Refer” ni re-FER, basi “referred” lina “r” mbili. “Offer” ni OF-fer, basi “offered” lina “r” moja. “Occur” ni oc-CUR, basi “occurred”. “Visit” ni VIS-it, basi “visited”. Tena mkazo ukihama, tahajia huufuata: “reference” ni REF-er-ence, na “r” imerudi kuwa moja. Uingereza wamejitenga kidogo kwa vitenzi vya “l”, wakiandika “travelled” na “cancelled” hata kama mkazo uko mwanzoni, na Marekani huandika “traveled” na “canceled”.

Kwa hiyo, ndugu Msomaji, unapoandaa ripoti ya kusoma, chukua penseli, pitia kila neno refu kuanzia mkiani, na uweke alama ndogo juu ya irabu yenye mkazo mkuu pekee. Usichore mistari ya silabi zote, kwa kuwa ukurasa utajaa na jicho litapotea. Alama moja kwa kila neno inatosha; silabi zilizobaki zitajipanga zenyewe mara tu ile kuu ikishapata mahali pake.